Kilo Arobaini za Mkuu wa Kaya

Mimi ni mfupi. Naanza na hilo ili lisinisumbue baadaye. Marehemu mume wangu alikuwa akinitafuta shambani kwa kuniita, maana mahindi yakishafika kifuani kwa watu wengine, mimi nimeshapotea. Ujanani sikuona kasoro yoyote. Nilizaa, nililima, nilibeba maji, nilicheza ngoma mpaka vumbi likanuna, na kilo zangu hakuna aliyezijua, hata mimi mwenyewe. Siku zile mtu alikuwa mnene, au mwembamba, au wa kiasi, basi. Vya kupanda kwenye mizani vilikuwa pamba na mahindi.

Kilo ziliniingilia uzeeni, miaka ile tulipotolewa vitongojini tukaletwa kwenye kijiji cha ujamaa, kando ya barabara, upande wa Mkata. Wengi walihama wamenuna, na sababu walikuwa nazo, mtu kuacha miembe na makaburi ya wazee wake si jambo dogo. Mimi nilikuwa mjane. Nilikaa kwenye nyumba ya marehemu, kwenye shamba la marehemu, na shemeji zangu hawakuacha kunikumbusha vyote viwili. Tulipofika kijijini, mwenyekiti akasimama akawasoma wakuu wa kaya, na jina langu likasomwa. Langu mimi, si la mume, si la mwanangu. Nikapewa kiwanja, watu wakanijengea nyumba ya miti na udongo, wakaniezekea kwa nyasi. Nchi ilikuwa imepata Uhuru wake zamani, nikapiga vigelegele pamoja na wenzangu, lakini wangu mimi niliupata siku ile. Nilisimama mlangoni kwangu nikajiona mrefu.

Mwanangu hakufurahi. Alikuwa mtoto wangu pekee wa kiume, mtu mzima mwenye mke na watoto, akifanya kazi kwenye shamba la mkonge huko Korogwe. Kila akija na basi, na mkungu wa ndizi za Lutindi begani, salamu zake zilikuwa zile zile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, utakaa peke yako mpaka lini? Njoo Korogwe ukae na wajukuu."

"Walete huku hao wajukuu," namjibu. "Huku kuna hewa."

Anacheka, anakula, anarudi zake. Tungeendelea hivyo mpaka Mungu aniite, kama kijiji kisingepata zahanati, na zahanati isingepata muuguzi.

Muuguzi mwenyewe alikuwa binti mdogo wa watu, katokea milimani, mpole, ila ana macho. Nilikwenda kwake na kikohozi. Badala ya kusikiliza kifua, akanishika mkono, akazungusha kidole gumba na kidole cha kati juu kidogo ya kifundo, vikakutana na nafasi ikabaki.

"Bibi, umepungua."

"Ebo! Ulinijua lini hata ujue nimepungua?"

"Hiyo bangili iko karibu na kiwiko, bibi. Hukuivaa kule."

Kweli, bangili yangu ya shaba ilikuwa imepanda mpaka huko, nami sikuiona ikipanda. Akataka kunipima. Mizani ya zahanati ilikuwa ile ya watoto wachanga, ya kuning'iniza na kibukta chake. Akaitazama mizani, akanitazama mimi, nikaona anafikiria.

"Thubutu!" nikamwambia.

Basi tukaenda kwenye ghala la kijiji. Bwana ghala alikuwa na mizani kubwa ya kupimia mahindi, yenye uso kama saa, imening'inia kwenye boriti. Wakalifunga gunia jipya pande mbili kama pembea, nikafunga kanga ya pili juu ya ile ya kwanza kwa ajili ya heshima, nikapakiwa. Wanaume waliokuja kuchukua mbegu wakajifanya wanaangalia paa. Watoto hawakujifanya chochote, walicheka mpaka wakakaa chini. Mshale ukacheza, ukasimama chini ya arobaini. Muuguzi akasema kwa kimo changu na umri wangu nisingetakiwa kushuka chini ya arobaini, na kama naendelea kushuka, kikohozi cha kwanza cha kipupwe kitanibeba.

Nilimwomba yasitoke nje. Lakini siri ya ghala, na watoto wote wale! Kabla ya mwezi kuisha habari zilikuwa zimepanda basi zimefika Korogwe, na mwanangu akateremka Mkata bila ndizi.

"Mama, sasa basi," alisema hata kabla ya kukaa. "Unakonda peke yako huku, watu watasema nina mama na simlishi. Nakupa mpaka mavuno. Nikija nikakukuta chini ya arobaini, tunafunga mizigo."

"Na nyumba yangu?"

Wote wawili tulijua. Kiwanja kisicho na mtu alipewa mtu mwingine, hiyo ndiyo ilikuwa kawaida ya kijiji, na mwenyewe nilikuwa nimenyoosha mkono kwenye mkutano kuipitisha. Nilimpenda mkamwana wangu na wajukuu zangu, sina neno nao. Lakini Korogwe ningekuwa tena bibi wa kwenye pembe ya chumba cha mtu. Usiku ule nililia, kisha nikakasirika, na hasira ndiyo iliyonisaidia.

Asubuhi nikarudi zahanati. "Binti, nifundishe kula."

Ukutani pale palikuwa na picha ya mama mmoja ameshika jembe, mabega yake hayo, mbele yake sahani imejaa ugali, maharage, mboga, samaki, yai na kipande cha papai. Redio nayo siku zile ilikuwa haisemi kingine, chakula cha kujenga mwili, cha kutia nguvu, cha kulinda mwili. Tulikaa darasani jioni, watu wazima na mvi zetu, tukaimba hayo kama watoto wa chekechea. Muuguzi akaniambia kwenye chakula kuna kitu kinaitwa kalori. "Ni kuni za mwilini, bibi. Ukitia chache moto unazima, ukitia nyingi chungu kinafurika." Hapo nilimwelewa kuliko redio nzima.

"Basi mimi nitakula sahani ya yule mama," nikasema, nikionyesha ukutani.

Nikaanza. Unga niliupima mara mbili ya zamani. Siku ya bada, ule ugali wetu wa muhogo, niliusonga mpaka mwiko ukalia. Nikapika kunde na karanga, kisamvu na nazi ikipatikana, dagaa wakiletwa gulioni. Jirani yangu, shoga yangu mkubwa, na nikisema mkubwa nina maana mwili wake unafika kabla ya salamu zake, alinusa akaja kuuliza kama nina posa.

Nikarudi kwenye gunia. Mshale palepale. Nikaongeza sufuria. Nikarudi tena, nimeshuka kidogo! Nikanywa dawa ya minyoo, minyoo hawakutoka kwa sababu hawakuwepo. Shoga yangu akaanza kunong'ona kwamba huenda shemeji zangu wamenitupia kitu. Nami, Mungu anisamehe, nilianza kuwaangalia shemeji zangu kwa jicho la pembeni kila nikikutana nao kisimani. Chakula kinatoka jikoni kwangu kama cha harusi, na mwenye harusi anazidi kukonda.

Aliyegundua ni yule binti wa zahanati, na aligundua kwa njaa yake mwenyewe. Alipita kwangu adhuhuri moja akitoka kuwatembelea wazazi wapya, nikamwambia nawa tule. Akakaa mkekani pamoja na watoto. Maana watoto walikuwepo, walikuwepo kila siku. Kwetu chakula huliwa kwenye sinia moja, na mtoto akipita wakati wa kula humuulizi ni wa nani, unamwambia nawa. Kule kitongojini walikuwa wawili watatu wa ukoo. Kijijini nyumba zimepangwa mstari mmoja, harufu ya kunde zangu ilitembea mstari mzima na kurudi na wateja.

Nikala kama ninavyokula siku zote, nikalamba vidole, nikasema alhamdulillahi, nikalisukuma sinia kwao.

"Bibi, umeshiba?" muuguzi akauliza.

"Nimeshiba."

"Umekula vitonge vingapi?"

"We! Nani anahesabu vitonge mbele ya watoto wa watu?"

"Mimi nimehesabu," akasema, akainua mkono mmoja, na vidole vingine akavikunja.

Niliona aibu, kisha nikaona uchungu, kisha nikacheka mpaka nikapaliwa. Maana ndivyo nilivyolelewa. Mtu mzima akila na watoto, hali mpaka mwisho. Anachovya kidogo, anatoa mkono mapema, makombo ni ya watoto. Bibi yangu alifanya hivyo, mama yangu alifanya hivyo, na mtu mzima anayegombea tonge la mwisho na mtoto ataitwa majina mpaka kwenye matanga yake. Kadiri nilivyoongeza sufuria, ndivyo watoto walivyoongezeka, na kadiri watoto walivyoongezeka, ndivyo nilivyotoa mkono mapema. Mimi nilikuwa nalishwa na adabu, na adabu haina kalori.

"Kula peke yako kwanza," muuguzi akasema. "Kwenye sahani yako."

Rahisi kusema. Kwetu anayekula peke yake ni mgonjwa, mchoyo au mchawi. Mlango ukifungwa mchana, moshi ukatoka na mwenye nyumba hatoki, kesho yake unaitwa kwa balozi wa nyumba kumi. Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa, nikiiangalia nyumba yangu. Mwisho nikamweleza shoga yangu.

"Kwa hiyo si uchawi?" akasema, kidogo kama amevunjika moyo. Halafu akafikiri. "Usiufunge mlango. Nitaukalia mimi."

Na akaukalia kweli. Kila adhuhuri alikuja na ungo wake wa mahindi, akaketi kizingitini, akapepeta. Mlango ulikuwa wazi kama mlango wa mtu mwema, ila hata kuku hakupata pa kupita. Watoto wakija, anawaambia, "Subirini, bibi anameza dawa." Nami ndani, kwenye sahani yangu ya bati yenye ua jekundu, nameza dawa ya ugali na kunde. Nikimaliza nakohoa, shoga yangu ananyanyuka kwa mafungu, na sinia la watoto linatoka. Hakuna mtoto aliyelala njaa kwa ajili yangu. Ila tonge la kwanza la peke yangu lilikataa kushuka, nilihisi mama yangu amesimama nyuma yangu ananitazama.

Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Nilizoea. Nilizoea mno. Nikala sahani nzima ya yule mama wa ukutani, asubuhi, mchana na jioni, na mihogo ya kuchoma katikati. Mshale ukapanda, nikashangilia. Ukapanda tena, nikanyamaza. Kanga ikawa hainifiki kiunoni bila kubishana. Magoti yakaanza kuniuliza tunakwenda wapi. Baada ya chakula nalala kama chatu, naamka jua limeinama na magugu yamemaliza maharage yangu. Siku nilipoinama kuokota jembe nikabaki kule chini natafuta pumzi, shoga yangu akasema, "Sasa tumekuwa wawili." Hakusema kwa ubaya, lakini nilimnunia siku nzima.

"Yule mama ana mabega hayo," muuguzi akanieleza tena kwa upole, akinyoosha kidole ukutani. "Ana umri wa kuwa binti yako, analima toka alfajiri. Wewe ni mdogo, bibi, na moto wako sasa ni wa taratibu. Tusitafute sahani yake. Tutafute yako."

Tuliitafuta polepole, na ninakumbuka siku zile kwa furaha. Tulipunguza ugali kidogo, tukaenda ghalani. Tukaacha mihogo ya katikati, tukaenda ghalani. Bwana ghala alifikia kunitengea gunia langu, akalitundika msumarini, watu wakijaribu kulitia mahindi anawaka. Mwezi wa Ramadhani nilikataa kabisa kupimwa, maana mtu anayefuturu kwa shoga yangu hana kilo za kuaminika. Na mwisho kipimo chenyewe kilionekana kilikuwa nami siku zote. Ugali wa kiasi cha ngumi yangu, hii ngumi yangu ndogo, siyo ngumi ya mtu mwingine. Maharage au kunde, ujazo wa viganja viwili. Mboga za majani nitakavyo. Uji wenye karanga asubuhi, na siku ya kulima shamba la kijiji, nusu ngumi ya ziada. Nikila hivyo, mshale haupandi, haushuki. Magoti yakaacha maswali. Bangili ikateremka ikakaa mahali pake.

Mavuno yakaisha, mwanangu akaja. Safari hii alikuja na mkungu mdogo wa ndizi, na koti la marehemu baba yake, ingawa jua lilikuwa kali. Hata maji hakunywa. "Twende ghalani, mama."

Twende! Nilikwenda mbele, naye nyuma. Bwana ghala akalitoa gunia msumarini, muuguzi akaja mbio kalamu iko sikioni, shoga yangu akaja na ungo wake, na wale watoto wote. Nikapanda, nikajikunyata, nikasoma kila dua ninayoijua na nyingine za kujitungia. Mshale ukacheza. Ukaenda huku, ukarudi kule, ukasimama. Arobaini, na unywele mmoja juu yake. Shoga yangu alipiga vigelegele, vumbi la pumba likatoka kwenye boriti. Nilitaka kushuka kwa heshima, nikashindwa, nikateremshwa nacheka.

Mwanangu alitabasamu, lakini tabasamu lake halikukaa. Nilidhani amekasirika kushindwa.

Nikampikia kama mgeni. Siku hiyo ilikuwa sikukuu yangu, kwa hiyo sahani ya bati niliiacha ukutani, nikatandika mkeka, sinia moja, kuku, ugali, watoto wote. Tukanawa. Nilikuwa naongea, nasimulia habari za gunia, nacheka mwenyewe. Halafu nikauona mkono wake. Ulichovya, ukachovya, ukatoka. Akalamba vidole, akasema alhamdulillahi, akalisukuma sinia kwa watoto.

Nikaacha kuongea. Ule mkono niliufahamu, ulikuwa mkono wangu.

"Vua koti," nikamwambia.

"Kuna baridi, mama."

"Mchana huu? Vua."

Akavua. Mkanda wa suruali ulikuwa umetobolewa kwa msumari, tundu jipya mbali na matundu ya fundi, na ncha yake imezunguka mpaka mgongoni. Nikamshika mkono juu kidogo ya kifundo, nikazungusha vidole vyangu. Vidole vifupi hivi, ambavyo havijawahi kukutana kwenye mkono wa mwanamume yeyote, vikakutana.

"Tangu lini?"

"Mkonge hauna bei, mama. Kazi imekuwa ya siku moja moja." Alikuwa anaangalia mkeka. "Watoto ndio wanaokua. Mimi nimeshakua."

"Na ulikuwa unataka kunichukua. Ulitaka kunipeleka nikale nini?"

"Fungu langu," akasema.

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mtu mzima yule, baba wa watoto, nilitaka kumchapa kama nilivyomchapa alipochezea kisu. Msimu mzima ananitishia na mizigo, kumbe yeye ndiye anayefifia. Nyani haoni nini? Amalizie mwenyewe. Nikasimama nikaingia jikoni, kwa sababu sikutaka anione uso, nikasonga ugali mwingine. Sikuupima kwa ngumi yangu. Niliupima kwa ya kwake.

Nikautia kwenye sahani ya bati yenye ua jekundu, pamoja na kunde na paja la kuku nililokuwa nimejiwekea la jioni, nikampa ndani, peke yake.

"Na wewe mama utakula nini?"

"Mimi kilo zangu nimeshafikisha. Kula. Ukimaliza tutazungumza habari za unga wa kupeleka Korogwe, na mkeo na wajukuu zangu waje lini."

Nikaenda kuketi kizingitini. Sasa shoga yangu akikaa pale, mlango unaziba. Mimi nikikaa, mbuzi anaruka. Watoto walikuwa wanachungulia juu ya kichwa changu, wakiuliza kama mgeni naye anameza dawa. Nikasimama, nikashika mwimo huu na mwimo ule, mikono nimeitanua kadiri ya urefu wake. Nyuma yangu nilisikia sahani ikigonga, kisha anavuta kamasi.

"Nimeshiba, mama. Hiki kilichobaki wape watoto."

"Rudisha mkono kwenye sahani," nikasema bila kugeuka, na nikasimama palepale mlangoni kwangu mpaka akamaliza.